Kifuu cha Masoe

Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, visiwa vya Samoa viliwaka moto wa kugombea ufalme. Manowari za Wazungu zilitia nanga nje ya miamba, zikitazama. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ndipo alipofika Anders Thorup, mhubiri wa dhehebu la Wamormoni kutoka Utah, nchi kavu ya milima huko Marekani. Jina lake lilisomwa mimbarani kuwa ametumwa, mbele ya kaumu nzima bila yeye kuulizwa, naye akamwacha mkewe mjamzito na ngano shambani, akaenda. Wamormoni humwita kila mhubiri wao Mzee. Mzee huyu hata ndevu zilikuwa hazijamkaa vizuri.

Alipokewa na Leota, jumbe wa kijiji kimoja cha pwani, mtu wa miraba minne aliyechanjwa chale nyeusi kutoka kiunoni hadi magotini. Leota alimpa nyumba, chakula na ulinzi. Mwishowe akakubali kuzamishwa mtoni kwa ubatizo, akawa Mmormoni wa kwanza wa kijiji, na Anders akampenda kama baba.

Jambo moja tu lilimkera Anders. Wenyeji walikuwa na kinywaji cha mizizi iliyopondwa, kikinywewa kwa kifuu cha nazi, na bila hicho hapakuwa na shauri lililokatwa. Dini yake ilimkataza pombe, tumbaku, chai na kahawa; hiki nacho akakitia kapu lilelile. Kila bakuli lilipoletwa barazani, yeye alijiondokea akaenda kusali. Mwaka mzima hakukaa hata mara moja akaona hao watu wanafanya nini. Ujinga huo aliuita utakatifu.

Kisha Masoe, jumbe wa upande wa pili wa vita, alichoka kuzika vijana wake. Alikuja na wapiganaji wake, marungu ya mti mgumu mabegani, magobori yamefungwa mikeka laini kuwa ishara ya suluhu. Leota alimwomba Anders aketi kuumeni kwake. Alikuwa mgeni wa nyumba, na heshima ya nyumba ilikuwa juu yake.

Leota alikunywa. Kifuu cha pili kikaletwa kwa Anders kutoka kwa Masoe, kwa mikono miwili.

"Sinywi," akasema, akakisukuma kwa kiganja. "Mungu wangu amekataza."

Kifuu kilianguka. Leota alimtazama kwa huzuni, wala hakumkemea. Mgeni hakemewi mbele ya watu. Masoe aliinuka polepole.

"Leota," alisema, "nyumba yako imeukataa mkono wangu. Nimesikia."

Leota alijaribu kueleza. Hakusikilizwa. Mikeka ilifunguliwa pale pale, na kabla jua halijageuka kijiji kilikuwa kinaungua. Leota alisimama mlangoni pa nyumba ya mgeni wake na rungu lake la zamani, akawazuia hata Anders akapenya kwa nyuma na kukimbilia migombani. Huko ndiko alikosikia rungu la Leota likinyamaza.

Siku ya mazishi ya Leota alikwenda kwa mjane wake, Fetu, akamwambia kwa kilio kwamba hakuwa na njia, kwamba amri ni amri.

"Amri yako hakuna aliyetaka uivunje," Fetu alimjibu. "Asiyetaka kunywa hukipokea kifuu, humwaga matone chini, hutoa baraka, hukirudisha. Wagonjwa hufanya hivyo. Mume wangu alipobatizwa naye alifanya hivyo miezi mingi, akaheshimiwa. Jana alikunywa kwa sababu ya amani."

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Ulikaa kwetu mwaka mzima ukitufundisha. Lini uliuliza?"

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Anders aliondoka kisiwani na meli ya kwanza, na hakuna aliyemsindikiza.

Kwao Utah alipokewa kwa nyimbo. Mkewe alimwonyesha mtoto asiyemjua. Jumapili alipandishwa mimbarani, na mkuu wa kanisa la kijiji, kama habari zilivyomfikia, akawasimulia watu jinsi kijana huyu alivyokikataa kikombe cha mfalme wa kipagani mbele ya silaha, bila kutetemeka. Watoto walifundishwa kisa hicho, na wajukuu wao pia. Ndicho kilichobaki. Jina la Leota hakuna aliyelitaja.

Jumapili ile Anders aliombwa aongeze neno. Alisimama, akashika ukingo wa mimbari, akawatazama wote waliokuwa wakimngoja kwa furaha. Akasema ni kweli, akaketi.