Diski Iliyobandikwa "Futa Jumatatu"

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, alfajiri bado, simu kutoka kituo cha polisi ilipoingia. Inspekta alizima jiko, akavaa viatu polepole kwa sababu ya magoti. Wiki ya tatu hii hajapata siku ya mapumziko.

Studio ya mhariri wa filamu ilikuwa chumba kimoja. Mlango haukuvunjwa. Kompyuta ilikuwapo, kamera zilikuwapo, diski nne mpya zilikuwapo. Iliyoibwa ni moja tu, ile kuukuu. Konstebo alimsogezea inspekta kiti bila kuombwa.

"Ilikuwa na nini?"

"Filamu yangu ya miaka mitatu," mhariri alisema. "Na video za marehemu mama."

"Nakala za akiba?"

"Humohumo. Niliigawa diski sehemu mbili, moja ya kazi, moja ya akiba."

"Yaani umefunga kabati, na funguo zote mbili zimo ndani."

"Ndiyo maana nilinunua hizi mpya, afande. Leo ningehamisha kila kitu, kisha ile niifute, niigawe upya, niiwekee programu za kuhariri. Hata karatasi niliibandika: FUTA JUMATATU."

Konstebo aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Ilichomolewa jana Jumapili, saa kumi jioni. Imenyofolewa tu, programu ikiwa wazi. Huyu hajui kompyuta."

Waya wa diski ulibaki mezani. Ulikuwa umekunjwa vizuri, ukafungwa kwa uzi mweusi. Fundo dogo, bapa, ncha zimekatwa sawasawa. Inspekta alilitazama kwa muda.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Baba tu. Huja Jumapili kunifagilia."

"Anafanya kazi gani?"

Mhariri aliutazama ule uzi mweusi. "Fundi cherehani."

Walifuatana na mhariri hadi dukani kwa fundi, wakamkuta akishona kifungo. Hakuuliza wamefuata nini. Alivuta droo ya nyuzi, akatoa diski iliyoviringishwa kwenye kitambaa laini.

"Ni mimi," alimwambia inspekta. "Andika, mama. Sitakusumbua."

"Kwa nini, mzee?"

"Nilisoma ile karatasi. Futa. Na mke wangu yumo humo. Miaka miwili namwomba huyu anionyeshe. Ananijibu: kesho, baba. Kazi nyingi, baba."

"Si ungeniuliza kwanza," mhariri alisema.

"Nikuulize lini? Kila nikija naikuta studio tupu."

"Na bila kompyuta ungemwonaje?" inspekta aliuliza.

"Nisingemwona. Ningejua tu kwamba yupo."

Mhariri aliketi sakafuni, juu ya vipande vya nguo. Inspekta alimuuliza kama anashtaki. Akatikisa kichwa. Jalada likafungwa.

Mhariri alifungua kompyuta ya mkononi aliyokuja nayo, akachomeka diski kuukuu na mpya moja, akaanza kunakili. Kisha akafungua video. Mwanamke alicheka kwenye kioo cha kompyuta: "Acha kunirekodi wewe. Kamwite baba yako, chakula kinapoa."

Fundi alishika ukingo wa meza. Inspekta akampisha kiti, ingawa magoti yalimuuma.

"Jumamosi uje tena," fundi alimwambia mwanawe, macho hayajatoka kwenye kioo. "Uje na hiyo mashine. Ukiisahau, uje tu."