Ruthu Hakujibu

Ndugu zangu, mtoto alichukuliwa mbele yangu... nikiwa nimefumba macho.

Nafundisha watoto wadogo Jumapili, chumba cha nyuma ya kanisa. Chuo nimemaliza juzi tu, kazi bado, ila moyo ninao. Ili wajue Biblia ilivyopangwa, kila mtoto nampa jina la kitabu. Wanasimama mstari mmoja, tunafumba macho sote, kila kitabu kinajitaja kwa zamu.

Torati ikapita salama. Tukaingia historia.

"Yoshua."

"Waamuzi."

Kimya...

"Ruthu, mama, zamu yako hiyo."

"Mwalimu," akasema Samweli wa Kwanza, "hapa pembeni yangu pana upepo tu."

Nikafumbua macho. Nafasi tupu. Mlango wazi. Na pale mlangoni msaidizi wangu, rafiki yangu tangu chuo, anatazama viatu vyake.

"Yuko wapi?"

"Nimempa mama yake."

"Mama yake yupi? Si alishafariki?"

Ndivyo bibi yake alivyotuambia siku anamleta. Akanishika mkono, akaniapisha nisimkabidhi mtu mwingine.

"Mtoto mwenyewe amemrukia," akasema msaidizi. "Ningemzuiaje?"

"Umeniuza, dada."

Nikatoka mbio.

Nikawakuta getini. Mwanamke amechuchumaa, mtoto amemng'ang'ania shingoni kama kupe.

"Mwalimu, sitoroki naye," akasema. "Nilienda mbali kutafuta kazi. Kurudi, nikakuta mama mkwe wangu amehama na mwanangu. Namsubiri hapa hapa tuongee."

Kabla sijajibu, bibi huyo akafika.

"Mwalimu, tulikubaliana nini?"

"Bibi, ulisema mama yake amekufa."

"Kwangu mimi alikufa."

Jamani!

Bibi akashika mkono mmoja wa mtoto, akavuta. Mama akashika wa pili.

"Bibi, mnaniumiza," mtoto akalia.

Mama akaachia.

Pale pale. Akaachia, akabaki na mikono hewani.

Kisa hiki nimekifundisha mara nyingi, wapendwa. Wanawake wawili, mtoto mmoja, na mfalme anayemtambua mama kwa huruma yake. Kimo katika Wafalme wa Kwanza. Watoto wangu wanajua hata kilipo.

Lakini pale getini hapakuwa na mfalme. Nilikuwepo mimi.

"Bibi, naomba basi tukae na mchungaji tuzungumze..."

"Wewe fundisha vitabu vyako, mwanangu. Ya nyumbani kwangu niachie."

Wakaondoka. Mtoto anatembea kinyumenyume, anatutazama hadi kona ikawameza.

Mama akanigeukia.

"Mwanangu hakuwahi kukwambia kwamba nipo?"

Alikuwa ameniambia. Kila Jumapili aliomba tumwombee mama yake arudi salama, nami nikimpapasa kichwa, nikimwambia mama yuko mbinguni.

Mkikabidhiwa mtoto na maelezo yake, muulizeni na yeye. Kisha mwaminini.