Nywele za Mitul

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hetvi alikuwa na kazi ngumu kuliko hesabu: kumsuka mdogo wake, Mitul. Mitul alikuwa na miaka mitatu, na tangu azaliwe nywele zake hazijawahi kuguswa na mkasi. Ziliwekewa nadhiri kwa Mata, mungu wa kike wa ukoo wao. Wageni waliofika nyumbani kwao mjini Anjar walimfinya mashavu na kusema, "Msichana mzuri huyu!" Naye alijibu kwa hasira, "Mimi mvulana!" Watu wakazidi kucheka.

Mwaka huo Mitul alikuwa ameanza kuwa mtu mwenye msimamo wake. Neno alilolipenda lilikuwa "mwenyewe". Kuvaa viatu, mwenyewe. Kumimina maziwa, mwenyewe, hata yakamwagika sakafuni. Alipoambiwa kwamba nywele zake ni za Mata na siku ya kuzitoa imekaribia, aliuliza maswali mpaka Bibi akachoka kujibu.

Siku hiyo ikafika. Ua ulijaa ndugu, majirani na wapiga ngoma, na harufu ya samli ilitoka jikoni, Mama alikokuwa akifinyanga ladu, madonge matamu ya unga na samli. Jivi, mwanamke aliyewaoshea vyombo, alikuwa bombani nyuma ya nyumba akisugua masufuria. Shangazi Kokila alikuwa amewasili kutoka Rajkot. Bila yeye shughuli isingewezekana, kwa sababu shangazi ndiye anayezipokea nywele za mtoto juu ya unga uliokandwa, zisiguse ardhi.

"Hetvi, kaa na mdogo wako chumbani mpaka kinyozi aje," Mama alimwambia. "Usimwache hata kidogo. Unamjua huyo."

"Sawa, Mama."

Hetvi alikaa. Kisha akasikia wasichana wakicheka nyumba ya jirani, ambako rafiki yake alikuwa akiwachora hina. "Tulia hapa, narudi sasa hivi," akamwambia Mitul, akatoka mbio.

Aliporudi, hina ikiwa bado mbichi kiganjani, nusura azimie. Mitul alisimama katikati ya chumba na mkasi wa Mama mkononi. Msuko wake haukuwapo. Zilibaki nywele fupi zilizosimama ovyo.

"Mitul! Umefanya nini?"

"Nimekata mwenyewe!" Mitul alisema kwa fahari. "Halafu nime—"

"Nyamaza!" Hetvi akamziba mdomo kwa mkono usio na hina. "Usiseme hata neno. Ukisema tu, Baba atatuchapa sote. Umesikia?"

Mitul aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtoto wa kutii, lakini siku hiyo alitii. Hetvi aliutafuta msuko chini ya kitanda na nyuma ya kabati, asiuone. Mwishowe akamvika mdogo wake kofia ya sherehe na kuivuta mpaka masikioni.

Kinyozi alipofika, Shangazi Kokila alimpakata Mitul mbele ya watu wote. "Haya, bwana mdogo, tuzione hizo nywele!" Akaivua kofia.

Ngoma zilikoma. Mama aliketi chini palepale aliposimama, na mkono wa Baba ukabaki hewani na sahani ya ladu.

"Nani?" Shangazi alipiga kelele. "Nani amekata nywele za nadhiri? Ziko wapi?"

"Asubuhi zilikuwepo, wifi," Mama alisema. "Niliziona kwa macho yangu."

"Basi zimeibwa! Mtu anataka kumroga mtoto wetu. Ni nani asiye wa nyumba hii aliyeingia humu asubuhi?"

Macho yote yakamgeukia Jivi, aliyekuwa amekuja kuchungulia, mikono imejaa povu.

"Mimi?" Jivi aliuliza.

"Wewe! Si ulipita mlango wa nyuma? Lete kikapu chako. Kimwage hapa!"

Jivi alikimwaga. Zikaanguka chapati mbili, shali yake na chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanawe. Jivi alikuwa akilia.

"Hata kama hazimo," Shangazi alisema, "huyu asikanyage hapa tena!"

Hetvi alijipenyeza katikati ya watu. Tangu asubuhi alikuwa akiogopa fimbo tu. Hakuwahi kufikiri kwamba ukimya wake ungeweza kumfukuzisha mtu kazi.

"Si dada Jivi!" alilia. "Mitul alizikata mwenyewe. Nilimwacha peke yake nikaenda kuchorwa hina. Nikamvika kofia."

"Ulijua?" Baba aliuliza, kana kwamba hajasikia vizuri. "Ulijua, ukatuacha tumwaibishe mtu mbele ya mtaa mzima?"

Bibi aliinama mbele ya Mitul. "Mume wangu, nywele ziko wapi?"

Mitul alimtazama dada yake, midomo ameibana.

"Sema, Mitul," Hetvi alisema. "Nilikosea kukunyamazisha."

"Nimempa Mata," Mitul akajibu. "Mwenyewe."

Bibi alikwenda kwenye kabati la ibada, ambalo alikuwa amelifunga pazia baada ya sala ya alfajiri. Akalifunua. Juu ya sahani ya shaba msuko ulikuwa umelala na utepe wake, kando ya ladu iliyomegwa nusu. Watu walitazamana kwa mshangao, kisha mmoja akacheka, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

Jivi hakucheka. Alikuwa akiokota vitu vyake. "Mnacheka," alisema. "Na kama watoto hawa wasingesema, mimi leo ningeitwa nani?"

Kicheko kikakatika. Shangazi Kokila alisimama, uso umemshuka, akakunja mikono mbele ya Jivi na kuomba radhi wote wakisikia. Kinyozi akamalizia nywele zilizobaki.

Baadaye Hetvi alimfuata Jivi bombani. "Dada Jivi, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila kesho siji. Nitarudi moyo wangu ukitulia."

Usiku Hetvi alimwendea Bibi akilia. "Amenisamehe, Bibi. Mbona basi kesho haji?"

"Kwa sababu ameumia," Bibi alisema. "Kosa lako asubuhi lilikuwa dogo, na lilikuwa lako peke yako. Ungelisema, ungechapwa kidogo yakaisha. Ulilificha, likaenda kumwangukia asiyehusika. Ukikosa, mjukuu wangu, sema mapema, kabla mwingine hajalia kwa ajili yako." Akamfuta machozi kwa ncha ya sari yake. "Sasa nenda ukalale. Kesho vyombo vya shughuli nzima utaviosha wewe."