Bata Waliofichwa Paani

Kila asubuhi Inshirah na binti yake Basma walipanda paani kulisha bata. Kijijini kwao, kando ya mto Nile, bata hunenepeshwa kwa mdomo. Unajaza kinywa maji na maharage yaliyolowekwa, unamfungua bata mdomo, unampulizia hadi kooni. Basma alikuwa hodari wa kazi hiyo kumshinda mama yake.

Kisha bata wakaanza kufa. Inshirah aliwatupa mferejini, asimwambie mtu. Wakaguzi wa mifugo wangesikia, si wangewaua hata waliobaki?

Haukupita muda Basma akashikwa na homa kali. Akakohoa, akahema kwa shida. Hospitalini daktari akauliza, "Mnafuga ndege?"

"Hatuna hata njiwa!" Inshirah akajibu haraka.

Jirani yao Samiha, mpimaji wa maabara pale pale, alimsikia. Akamvuta kando.

"Mama Basma, unamdanganya nani? Bata wako ndio wanaoniamsha!"

"Shii! Wataniulia wote."

"Na huyu mtoto je? Sikiliza, dada. Mafua ya watu na ya ndege, kwa macho ni mamoja. Tunachukua ute wa puani na kooni, mashine inatafuta chembe za urithi za kirusi. Hapo ndipo tunajua ni kipi. Lakini ya ndege yanaua upesi, dawa haingoji majibu. Daktari akijua kuna bata, anaanza sasa hivi."

Inshirah hakuwa amewahi kuogopa vile. Akamkimbilia daktari.

"Nimekudanganya! Bata wamekufa. Na Basma aliwalisha kwa mdomo!"

Basma akawekwa chumba cha peke yake, akapewa dawa. Yeye na mama yake wakachukuliwa ute.

Jioni Samiha akaja. "Wewe huna kitu. Basma ana mafua ya ndege."

Inshirah akapiga ukelele.

"Tulia! Dawa imeshaanza kazi."

Kesho yake wakaguzi walifika. Inshirah mwenyewe aliwafungulia mlango wa paa. Mwanamke wa nyumba ya pili akapayuka, "Una wazimu? Bata wote hao!"

"Bata nitafuga wengine. Basma nitamtoa wapi mwingine?"

Yule mwanamke akatazama paa lake. Kisha akasema polepole, "Waambie wapande na kwangu. Wangu nao wanakufa."

Zikafuata siku za hofu tupu. Mwishowe Basma akapimwa tena. Samiha alikuja akicheka tangu mlangoni.

"Hakipo! Kirusi hakionekani!"

Inshirah akaangua kilio, wodi nzima ikasikia.