Chupa ya Kunguni na Nyanya za Hamdiya

Maneno yaliletwa na Munira, wifi yake Hamdiya, siku ya Ijumaa wakipika. Hamdiya alikuwa anamenya vitunguu. Munira alikuwa juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, na mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mkono.

"Wifi, nyanya hizi umezitoa wapi?"

"Kaka yako kaleta. Kapitia soko la Mabibo asubuhi."

"Haya, kuleni. Mie ndo nimeacha. Wanazipulizia dawa jioni, asubuhi ziko sokoni. Kuna mtoto Mwananyamala kala nyanya moja tu, kavimba mpaka macho yakafunga."

"Mtoto wa nani?"

"Wa nani sijui. Lakini kavimba."

Munira alikuna nazi yake, akala wali, akaaga. Maneno yake hayakuaga. Yalibaki jikoni. Kila Hamdiya alipokata nyanya, aliyasikia.

Alikuwa na mtoto mmoja, Alya, wa miaka minne. Watoto wengine hulilia peremende. Alya alililia nyanya. Aliila nzima bila chumvi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Basi Hamdiya akaanza kuziosha nyanya kwa sabuni ya unga. Alizisugua kama masufuria. Mchana mumewe, Jaffar, alirudi kutoka dukani kwake, akaonja kachumbari. Akaiweka ulimini, akatazama dari.

"Mama Alya."

"Abee."

"Hii kachumbari imefuliwa?"

"Nimeziosha nyanya tu."

"Basi umesahau kuipiga pasi."

Jaffar alicheka mpaka akapaliwa. Hamdiya hakucheka. "Cheka wewe. Mtoto akivimba utacheka?"

Jaffar alimjua mkewe. Hofu ikimwingia, haitoki kwa mzaha. Akasema kwa upole, "Panda zako, mke wangu. Nyuma ya jiko pamekaa bure."

Tangu mwaka juzi walikuwa wamehamia Bunju, nyumba yao wenyewe, yenye uwanja wa kutosha. Hamdiya alifurahi. Siku Jaffar alipoleta nyanya nyingine, mkewe alichagua iliyo kubwa kuliko zote. Ilikuwa ngumu kama mpira. Ilikuwa imesafiri kwenye tenga kutoka bara mpaka Dar bila kupasuka. Alijiambia, nyanya nzuri namna hii, watoto wake watakuwaje? Akaikamua mbegu, akazianika juu ya gazeti. Akazipanda nyuma ya jiko, pale pale zilipokuwa bilinganya zake za mwaka jana. Bilinganya hizo zilikauka zote, na yeye alisema ni jua.

Ilikuwa Januari. Joto la Dar es Salaam mnalijua.

Mbegu zikaota. Kila asubuhi Alya alitoka na kopo lake, akanywesha mche mmoja mmoja. "Kunywa, ukue," aliuambia.

Miche ilikua, lakini ilikua vibaya. Mmoja ulirefuka kama mlingoti. Mwingine ulijikunja kama mtu mwenye homa. Mwingine ulijaa majani tu. Mama mmoja, watoto kila mtu na sura yake. Maua yalitoka, yakaanguka chini kwa joto. Mche mmoja tu ndio uliozaa, na ulizaa nyanya moja. Alya aliilinda. Hata paka akipita aliambiwa, "Hii ya kwangu."

Nyanya ile ilipoanza kuiva, miche ikaanza kulegea. Ilianza mmoja, adhuhuri. Majani yalikuwa bado ya kijani, lakini yalining'inia kama nguo iliyotoka majini. Hamdiya akamwaga maji. Kesho yake ikalegea miwili zaidi. Akamwaga maji tena, ndoo nzima. Ikawa afadhali ya jana.

Munira akaja, akatazama, akapiga makofi. "Wadudu hao! Subiri." Akaenda kwake, akarudi na chupa ya soda. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama tui. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi.

"Ni nini?"

"Dawa ya kunguni. Kuna kaka anapita anauza. Kunguni wangu wote chali. Mdudu ni mdudu, wifi."

Hamdiya alifungua, akanusa. Harufu ilimpanda kichwani. Moyo ulimwambia, ngoja. Lakini macho yaliiona miche inakufa. Alya alikuwa amelala ndani. Hamdiya alijifunga kanga puani, akaichanganya dawa na maji kwenye ndoo. Alichovya fagio la chelewa, akanyunyiza mche mmoja baada ya mwingine. Ule wenye nyanya ya Alya aliunyunyiza zaidi, maana ndio aliouhurumia zaidi.

Akaenda bombani kuosha ndoo. Alipogeuka, Alya alikuwa ameamka. Alisimama peku katikati ya miche. Mkononi alishika nyanya yake, imeiva, inang'aa kwa majimaji. Aliinua mkono kuipeleka mdomoni.

"Alyaaa! Tupa!"

Mtoto hakuwahi kusikia sauti ile kwa mama yake. Alishtuka, nyanya ikamponyoka. Akalia. Mama naye akalia.

Jirani yao, Mama Edgar, alisikia kutoka ng'ambo ya ukuta. Jina lake ni Kokushubila, mtu wa Bukoba, afisa ugani wa kata. Kazi yake ni kuwafundisha watu kilimo. Alizunguka getini mbio, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki njiani.

"Kuna nini?"

Hamdiya alinyoosha kidole kwenye chupa.

Mama Edgar aliinusa kwa mbali, uso ukabadilika. "Kaweka mdomoni?"

"Bado. Sidhani. Sijui, Mama Edgar, sijui!"

"Mvue gauni. Mwoshe mikono, uso, miguu. Maji mengi na sabuni. Na wewe unawe. Halafu tunakwenda zahanati, na chupa tunakwenda nayo."

Walipanda bajaji. Zahanati, muuguzi alimtazama Alya mdomo, macho na pumzi. Akawaweka wakae amwangalie. Jaffar alifika amefunga duka, shati kalivaa nje ndani. Alimbeba mwanawe, hakumtua tena. Alasiri muuguzi akasema, "Hajala. Nendeni nyumbani. Akitapika, akitokwa na mate mengi au akilegea, mrudisheni hapo hapo."

Hakutapika. Alilegea kwa usingizi tu, begani kwa baba.

Nyumbani, Hamdiya alikaa kizingitini, kichwa chini. Mama Edgar akakaa karibu yake.

"Najua utasema mie mjinga," Hamdiya alisema.

"Mjinga sikuoni. Namwona mama. Mama mwenye hofu. Lakini, mwenzangu, umeikimbia sumu ya Mabibo, ambayo hujaiona kwa macho. Ukaja kuimwaga hapa kwa mkono wako."

Hamdiya akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Sasa nifanyeje?"

"Leo, fungeni mlango wa nyuma, mtoto asifike kule. Kesho nakuja."

Kesho yake alikuja na mabuti na glavu, na glasi kuukuu. Munira naye alikuwepo, amekaa pembeni, mpole kama aliyenyeshewa. Mama Edgar alikata kipande cha shina la mche uliolegea. Akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, wakasubiri. Kidogo kidogo, nyuzi nyeupe zikateremka kutoka kwenye shina, kama moshi, kama maziwa.

"Hee!" Munira alisema. "Unatoa usaha."

"Ndio huo. Hapa hakuna mdudu. Ni mnyauko, ugonjwa unaokaa udongoni. Hata ungepulizia dawa ya dukani, mche usingepona. Mama Alya, hapa ulipanda nini mwaka jana?"

"Bilinganya. Zikakauka."

"Zilikauka hivi hivi, majani yakiwa ya kijani?"

Hamdiya akafikiri. "Hivi hivi."

"Basi zilikuachia ugonjwa. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa wa mmoja ni msiba wa wote. Hapa paache kwanza kwa ajili ya ile sumu, kisha panda mchicha au mahindi, misimu kadhaa."

"Na mbona kila mche ulikuwa na sura yake?"

"Mbegu ulinunua?"

"Nilikamua nyanya ya sokoni. Kubwa kweli kweli."

Mama Edgar akacheka. "Nyingi za namna hiyo ni chotara. Wataalamu wamechanganya mbegu mbili tofauti. Kula ni nzuri. Lakini ukipanda mbegu yake, kila mtoto anarudi kwa babu yake. Tena huenda ililimwa kwenye baridi, huko milimani. Wewe umeileta Bunju, Januari. Hata mie nilipofika Dar mara ya kwanza, ningekuwa nyanya, ningeangusha maua yote."

"Wewe uangushe maua? Muhaya, na maringo yenu?" Munira alipata sauti. "Ungeyaokota ukayavaa."

Wakacheka wote watatu, hata Hamdiya.

Mama Edgar akaendelea. "Hapa pwani tafuta mbegu inayostahimili joto letu. Tengeru 97 inafaa. Tanya inafaa. Zote ni fupi, hazisumbui, na nyanya zake zina nyama, mchuzi unakuwa mzito. Tena hizo si chotara. Ukivuna, unaweza kutunza mbegu kutoka kwenye mche wenye afya. Nunua duka la pembejeo. Pakiti iwe imefungwa, utazame tarehe. Sia masika yakielekea kuisha, ili zitoe maua wakati wa kipupwe."

Hamdiya akauliza lile lililomkaa moyoni. "Na yule mtoto wa Mwananyamala?"

"Mkulima akipulizia dawa, chupa yake imeandikwa asubiri siku ngapi ndipo avune. Wapo wasiosubiri. Hilo kweli, na si jema. Ndiyo maana tunaosha nyanya kwa maji safi yanayotiririka, tukizisugua kwa mkono. Sabuni hapana, inabaki, unaila. Lakini mtoto huyo mie simjui. Munira, unamjua?"

"Niliambiwa saluni."

"Na aliyekuambia?"

"Naye aliambiwa." Munira akatazama chini. "Wifi, nisamehe. Nilikuletea maneno, halafu nikakuletea chupa."

"Chupa nilishika mie," Hamdiya alisema. Akamvuta, akamkumbatia.

Mama Edgar aling'oa miche yote na mizizi yake, akaifukia mbali, mtoto na kuku wasipofika. Chupa aliikabidhi ofisini kwao. Hakuimwaga mtaroni.

Masika yakakolea, yakaelekea kwisha. Jaffar alileta viroba vitupu vya sukari kutoka dukani. Walivitoboa chini. Walijaza udongo mpya kutoka mahali ambapo ndugu wale wa nyanya hawajapandwa, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Viroba waliviweka juu ya matofali, visiguse ule udongo wenye ugonjwa. Hamdiya alisia Tengeru 97 kwenye beseni bovu. Miche ilipofika urefu wa kiganja, akaihamishia kwenye viroba jioni, jua limepoa. Kila mche aliuchomekea kijiti, akaufunga kwa utepe wa kanga kuukuu. Juu ya udongo alitandaza majani makavu.

Alya aliwekwa kuwa mnyweshaji, lakini kwa sheria. Asubuhi tu. Shinani, si kwenye majani. Udongo ukiwa na unyevu, kopo linakaa.

"Lakini ina kiu," alibisha siku moja.

"Tia kidole."

Akatia kidole, akakitazama. "Haina kiu. Imeniambia."

Siku moja Hamdiya aliona majani yana michoro myeupe. Moyo ulimruka. Zamani angekimbilia chupa. Safari hii alikimbilia ukutani. "Mama Edgar, njoo uone!"

"Huyo kantangaze, kiwavi anayetoboa majani. Yuko humo ndani. Hujachelewa, ni majani machache. Yachume, uyafukie. Kagua kila asubuhi, juu na chini ya jani. Yakizidi, niite kabla hujanunua chochote."

Hayakuzidi. Maua yalitoka, yakashika. Agosti viroba vilijaa nyanya nyekundu, nene, zote sura moja, kama watoto wa madrasa waliovaa sare. Jaffar aliikaribia kachumbari kwa tahadhari, akaonja, akafumba macho.

"Hii je?" Hamdiya aliuliza.

"Hii haikufuliwa."

Munira alikuja na bakuli kabla hajaitwa. Akapewa, na pakiti ya mbegu juu yake.

Lakini nyanya ya kwanza kabisa haikuliwa na mkubwa yeyote. Hamdiya aliichuma mwenyewe, akaiosha kwa maji ya bomba, akampa Alya. Mtoto aliishika, hakula. Alimtazama mama yake usoni. Hakuwa amesahau ile sauti.

Hamdiya akachuchumaa. Akaing'ata yeye kwanza.

"Kula, mama," alisema. "Hii ya kwako."

Alya akala. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Ya kuepuka:

Usikamue mbegu ya nyanya ya sokoni usiyoijua, hata ingekuwa kubwa kama kichwa.

Usipande nyanya palipokufa bilinganya, pilipili, viazi mviringo au nyanya nyingine.

Usisie hapa pwani wakati ambao maua yatakutana na joto kali.

Usimwagie majani maji, wala usiugharikishe mche kwa sababu umelegea. Uliza kwanza unaumwa nini.

Usinunue dawa isiyo na maandishi. Usiweke dawa yoyote kwenye chupa ya soda.

Dawa ya kunguni, mende au mbu usiipeleke kwenye chakula, hata tone.

Usioshe nyanya kwa sabuni.

Usibebe maneno ya mtoto usiyemjua ukasahau kumtazama wa kwako.

Na usipulizie mmea kitu ambacho ungepiga ukelele kukiona kwenye mkono wa mwanao.