Msiba wa Mzee Ildefonce

Kila asubuhi, kabla jua halijapenya kwenye migomba, Priska alimkatia majani ng'ombe wa bibi yake, akafagia uwanja, akanywa uji akiwa amesimama, kisha akashika njia ya shule peke yake. Njia hiyo ya Uru, mteremkoni mwa Kilimanjaro, hupanda na kushuka kando ya mfereji, na asubuhi hujaa watoto. Lakini njia kujaa ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kutembea naye ni jambo lingine. Wenzake walikwenda wawili wawili, watatu watatu, wakisukumana na kucheka. Priska alikwenda hatua kumi nyuma yao, akiangalia visigino vyao.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amefika Januari kutoka Kahe, kule tambarare, ambako mama yake alibaki akilima mpunga. Bibi Mektrida alimpenda, hilo halina ubishi, ila masikio ya bibi yalikuwa yamestaafu zamani. Ukitaka akusikie, upige kelele mpaka majirani wafungue madirisha. Priska hakuwa mtu wa kelele. Basi jioni nzima wawili hao hukaa jikoni, moshi unapanda, kila mmoja na mawazo yake. Mama alipopiga simu Jumapili kuuliza hali, Priska alijibu, "Nzuri, mama," na simu ikakatwa.

Jumatatu moja Mwalimu Gidioni, aliyefundisha Kiingereza darasa la sita, aligawa maneno. Kila wanafunzi wawili neno moja. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, kwa hiyo huhitaji kuwa bingwa wa hesabu kujua nani alibaki.

"Priska, wewe utafanya peke yako. Neno lako ni 'slide'."

"Si kuteleza tu hiyo, mwalimu?" akadakia Primus, mvulana aliyekaa dawati la mbele na ambaye mdomo wake haukuwa na likizo. "Haya Kahe, kateleze!"

Darasa likacheka.

"Ni kuteleza, ni kwenda sawasawa bila kukwama," alisema Mwalimu Gidioni. "Lakini neno hilo limetembea kuliko wewe, Primus. Limeingia zahanati, limeingia kwa mafundi, limeingia mpaka kanisani. Sasa sikilizeni. Sitaki mtu aninakilie kamusi. Kila matumizi niletewe na jina la mtu aliyekwambia, na anakaa wapi. Nendeni mkaulize watu. Alhamisi tunasikiliza."

Kwa wengine hiyo ilikuwa kazi ya kufurahia. Kwa Priska ilikuwa mlima. Jumanne alisimama nje ya uzio wa mimea ya masale wa akina Primus, akasikia watu wanacheka ndani, akaona aibu kuwakatiza. Jumatano alipita zahanati, akakuta benchi limejaa, akageuza. Jioni hiyo daftari lake lilikuwa jeupe kama lilivyotoka dukani. Alilitazama muda mrefu. Kisha akashika kalamu, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumuuliza, akamtunga.

Alhamisi alisimama mbele ya darasa, akafungua daftari.

"Aliyeniambia ni Mzee Ildefonce. Anakaa juu kabisa, mfereji unapoanzia. Zamani alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Siku moja wamefika kilele cha Kibo, akagundua amesahau chumvi. Wageni wakali! Basi akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, akaukalia juu ya barafu, akajisukuma. Aliteleza, aliteleza, akayapita mawingu, akawapita nyani wa msituni, nao wakampigia saluti. Alipofika getini suruali haikuwa na makalio. Akachukua chumvi, akarudi, akakuta maji ya ugali ndiyo kwanza yanachemka. Tangu siku hiyo wazungu wote wanaiita hiyo 'slide'."

Darasa lilipasuka. Hata Mwalimu Gidioni alifuta machozi ya kicheko kwa leso. "Huyo mzee lazima nimwone," alisema.

Wakati wa mapumziko, kwa mara ya kwanza tangu Januari, Priska alizungukwa. Yuditha, msichana aliyekaa nyuma yake, alimmegea nusu ya parachichi. Wakarudi nyumbani kundi zima, Priska katikati, akiulizwa kama nyani walipiga saluti kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Jamani, utamu ulioje kuitwa kwa jina lako njia nzima!

Lakini walipofika njia panda, Primus alisema, "Jumamosi ni msaragambo wa mfereji. Kila nyumba inayokunywa maji yake inatoa mtu wa kuzibua matope, na majina yanaitwa kuanzia juu kabisa. Kwa hiyo tutamwona!"

Priska alibaki hatua moja nyuma yao. Hakujua kwamba mtu anayetaka kutunga jirani asimweke kwenye mfereji wa Uru, ambako kila nyumba ina zamu yake ya maji na kila zamu ina jina. Wakijua hayupo, nani atatembea naye tena?

Ijumaa asubuhi alipata dawa. "Mzee Ildefonce amefariki," alimwambia Primus, macho chini. Aliamini mtu akishakufa hadai kuonekana.

Primus aliweka begi lake chini. "Pole sana, Priska," alisema. Yuditha alimshika mkono. Priska akaona mambo yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mahali pengine habari ya kifo huishia kwenye pole. Uru habari hiyo ina miguu. Primus alimwambia mama yake, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Mama Primus hakumjua marehemu, lakini watu hawajuani wote, na msiba ni msiba. Saa tisa alasiri akina mama kumi na wawili walikuwa wamefunga kanga kiunoni. Huyu ana mkungu wa ndizi mshare kichwani, yule mzigo wa kuni, mwingine ndoo ya maharage. Walipanda mpaka mfereji unapoanzia, wakakuta mawe na mbega wawili. Wakasema, basi tumuulize mtoto aliyeleta habari.

Bibi Mektrida alikuwa uwanjani anaanua kahawa. Aliinua macho akaona kanga, kuni, ndizi, na nyuso za huzuni zikiingia kwake kwa mstari. Hakusikia walichosema. Hakuhitaji kusikia. Mwanamke wa umri wake anajua watu wanaokuja hivyo wamebeba nini. Na aliyekuwa mbali naye alikuwa mmoja tu.

"Mwanangu!" alilia. "Mwanangu wa Kahe! Mmeniletea nini?" Ungo wa kahawa ukamwangukia miguuni, naye akakaa chini juu ya punje, mikono kichwani.

Priska alitoka mbio jikoni. Mama Primus alikuwa ameinama akisema, "Siyo mwanao, Bibi, siyo yeye," lakini bibi hakusikia, alizidi kulia jina la mama yake Priska. Yuditha na Primus walikuwa pale na kuni zao. Karibu darasa zima lilikuwa limewafuata.

Priska aliwatazama. Akimnong'oneza bibi hatasikia. Akinyamaza, bibi ataendelea kulia. Akapiga magoti, akamshika bibi mashavu, akavuta pumzi, akapiga kelele ambayo hajawahi kuipiga maishani:

"Hajafa mtu, Bibi! Mama ni mzima! Hakuna Mzee Ildefonce! Nimemtunga mimi! Nimedanganya!"

Kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya ng'ambo, mtu aliacha kukata kuni.

Bibi alimtazama mdomo. "Mzima?"

"Mzima, Bibi!"

Mama Primus alitoa simu, akaomba namba, akaipiga, akaifungulia spika, kisha akamwekea bibi sikioni. Sauti ya mama ilitoka, pamoja na kelele za ndege wa mpungani. Bibi alisikiliza, hata kama hakusikia yote, akafuta machozi kwa kanga. Kisha simu ikapewa Priska.

"Hujambo mwanangu? Kuna nini huko? Unaendeleaje?"

"Nzu..." alianza Priska. Akamtazama bibi. "Vibaya, mama. Sina rafiki hata mmoja. Naongea na ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Primus alikuwa anatazama kidole chake cha mguu kama kimeota leo.

Simu ilipokwisha, Mama Primus alikata jani la sale kwenye uzio, akalifunga fundo, akampa Priska. Priska alishalisikia hilo: ukiomba msamaha ukiwa na sale mkononi, mwenye kinyongo hukilegeza. Alimpa bibi kwa mikono miwili. Bibi alilipokea, akamvuta kifuani.

"Sasa ndizi hizi hazirudi kichwani kwangu," alisema mama mmoja. "Leteni visu."

Wakakaa kumenya. Priska alileta daftari, akaomba, kwa sauti iliyosikika, kama kuna anayejua neno lake. Loo! Muuguzi wa zahanati, mmoja wa akina mama hao, akasema vioo vile vya kupimia damu ya malaria ni 'slide'. Mwingine akasema mwanawe ni fundi wa aluminiamu mjini, na madirisha yanayokwenda pembeni bila kukwama wanayaita hivyo hivyo. Wa tatu akasema picha ambazo katekista anazionyesha ukutani kanisani nazo ni 'slide'. Yuditha akachomoa kibanio cha nywele, akasema dukani kimeandikwa vivyo hivyo. Priska aliandika majina yao yote.

"Na baba yake Primus," alisema Mama Primus, "ni mpagazi wa mlimani mwaka wa ishirini huu. Wakishuka Kibo wanateleza kwenye changarawe kama watoto. Angekueleza mpaka ulale. Ulisimama nje ya uzio wetu Jumanne, nilikuona. Mtu wa kweli alikuwa migomba mitatu tu kutoka uliposimama."

Priska aliinamisha kichwa.

"Inua uso. Kesho utashika jembe kwenye mfereji, na jina litakaloitwa kwa nyumba hii ni lako. Mwalimu utamwambia mwenyewe. Nawe Primus, 'Kahe' si jina la mtu, tumeelewana?"

"Ndiyo, mama."

Mama Primus alimgeukia tena Priska. "Uongo wako ulikupa marafiki kwa siku moja, nawe ukawa na kazi ya kuwalisha kila siku uongo mwingine, mpaka ukamliza bibi yako. Leo umesema maneno mawili ya kweli. La kwanza, umedanganya. La pili, una upweke. Lile la pili, mwanangu, ungelisema Januari, tungekuja bila kusubiri mtu afe."