Mgeni Iko Moja

Hapa mtaani kwetu Busia, upande wa Kenya, kila mtu anajua kwamba Rasto Wandera hamwamini mtu. Hakuzaliwa hivyo, ni kazi iliyomfanya hivyo. Rasto ni mkaguzi wa kunguni. Huitwa kwenye nyumba za kupanga, akapekua vitanda vya watu, kisha akasema kama kunguni wapo na wamejificha wapi. Na hakuna jambo ambalo watu hulidanganyia kama kunguni. Mpangaji wa chini atakwambia wametoka kwa wa juu. Wa juu atakwambia waliletwa na shangazi aliyekuja matanga. Mwenye ghorofa mpya atakuapia kwamba kunguni ni wa nyumba kuukuu, kana kwamba kunguni anaogopa vigae.

Kwa sababu ya aibu hiyo, Rasto aliwafundisha wateja wake neno. Ukimpigia simu usitaje kunguni, majirani wasije wakasikia. Sema una wageni. Naye alikuwa na jibu lake la siku zote, la kumtoa mteja wasiwasi: "Usijali. Wageni wako nitawachukua mimi, walale kwangu." Watu walicheka, maana hakuna kunguni aliyewahi kuvuka kizingiti cha Rasto. Akitoka kazini alivua nguo nyuma ya nyumba, akazitia kwenye maji ya moto, na mkoba wake ulibaki nje juani. Mwaka huu alizidisha. Yeye na mkewe Nanjala walikuwa wamezika watoto wawili, wote kabla ya kutimiza miezi miwili, na sasa wa tatu, Maloba, alikuwa na wiki tano. Rasto alimwogopea hata nzi.

Jumanne moja asubuhi akapigiwa simu kutoka Tororo na mwanamke aliyesema anaitwa Harriet.

"Daktari, wamenielekeza kwako. Mgeni iko."

"Wageni wako wangapi, mama? Ni wengi?"

"Iko moja."

Rasto akatabasamu. Sisi wa upande huu tuna ubaya huo: Mganda akisema Kiswahili, tunasikiliza makosa badala ya maneno. Ngeli zimempotea mama wa watu, alijiambia. Hakuna nyumba yenye kunguni mmoja.

"Imekaa siku mingi," Harriet akaendelea. "Ilikuwa kwa nyumba ya zamani. Tulibomoa nyuma tukajenga ghorofa, ikahamia huko. Wapangaji yangu inakimbia."

"Usijali, mama. Huyo mgeni wako nitamchukua mimi, alale kwangu."

Sauti ya Harriet ikashuka.

"Unasema kweli? Unachukua?"

"Nachukua, mama."

"Sema tena."

"Nitamchukua, alale kwangu. Mbona?"

"Sawa," Harriet akasema, na pumzi zikamtoka kama mtu aliyetua mzigo. "Kuja leo."

Rasto akavuka mpaka na pikipiki yake, akapita Buteba, na kabla ya saa nne alikuwa Tororo. Nyumba zilikuwa mbili katika kiwanja kimoja. Mbele, jengo la enzi za Wahindi, maduka chini na vyumba vya sakafu ya mbao juu. Nyuma, ghorofa mpya ya vigae na madirisha ya alumini. Akaanza na lile kuukuu, maana mbao zina nyufa na nyufa ndizo nyumba za kunguni. Alipitisha kadi yake kuukuu ya benki katika kila ufa, akabandika selotepu, akamulika tochi. Hakupata hata ganda. Jengo la umri ule, lenye wapangaji kumi na wawili, halina hata ganda la kunguni! Rasto hakupenda. Nyumba safi kupita kiasi ina mtu anayeficha kitu.

Mlinzi wa pale, mzee Obore, akampandisha mpaka ghorofa ya tatu, chumba namba nne. Akafungua kufuli. Kisha akavua kofia yake, akainamisha kichwa, akasema taratibu kwenye chumba kitupu, "Hodi."

"Kuna mtu?" Rasto akauliza.

Obore alirudi hatua moja. Alibaki nje ya mlango.

Ndani kulikuwa na kitanda kipya na godoro lililokuwa bado ndani ya nailoni yake. Hapakuwa na nguo, wala kikombe, wala unywele kwenye sakafu. Harriet, alipompokea getini, alikuwa amemwambia hakuna aliyewahi kulala humo, na kwa macho ilionekana kweli. Lakini Rasto alipofungua kifuniko cha soketi ya umeme, wakamwagika. Kunguni wakubwa, wekundu, matumbo yamejaa. Akambana mmoja kwenye selotepu. Damu ikatoka nyekundu, mbichi.

Hapo alikasirika. Kunguni aliyenyonya siku tatu zilizopita huwa na damu nyeusi. Huyu alikuwa ameshiba jana, na ili kunguni ashibe lazima mtu alale. Kwa hiyo walikuwa wanamdanganya. Pengine mzee Obore hujilaza humu. Pengine analeta mwanamke.

"Mzee, nani analala hapa?"

"Mimi nalala kwa geti," Obore akanong'ona. "Fanya haraka."

Rasto akafanya anavyofanya siku zote. Kunguni hakai mbali na anayemnyonya, na popote akaapo huacha vidoa vyeusi, kama vya wino. Ukifuata vidoa utafika alipolalia mtu. Akamulika kitanda. Safi. Akamulika ukuta wa kichwani. Safi. Vidoa vilianzia kwenye soketi, vikapanda. Vikapita usawa wa bega lake. Vikapita kichwa. Akainua tochi.

Dari ilikuwa nyeupe, na vidoa vilikuwa vimezunguka kitu. Vilikuwa maelfu. Katikati palibaki peupe.

Kichwa.

Bega.

Mgongo uliopinda.

Magoti, yamekunjwa mpaka kifuani.

Aliyelala pale alikuwa mrefu kuliko mlango. Alikuwa amelala ubavu. Darini.

Rasto akashusha tochi. Kisha kunguni wakatoka, mchana kweupe, wadudu wanaochukia mwanga. Walishuka ukutani kwa mstari mmoja. Wakapita karibu na viatu vyake, wasimpande. Wakaelekea mlangoni, wote, kama wanaomfuata mtu. Kitu kilipita ubavuni mwake. Hakikumgusa, ila shati lake lilitikisika.

"Imetoka," Obore akanong'ona. Akavaa kofia.

Chini, Harriet hakuuliza habari za kunguni. Alimshika Rasto mkono kwa mikono yake miwili, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Asante kuchukua, daktari."

"Mama, sijachukua kitu!"

"Ulisema mara tatu. Ile haitoki mpaka mtu ingine imekaribisha."

"Mimi nilisema kunguni. Wageni ni kunguni!"

Harriet akamtazama bila kuelewa. "Kunguni ni ya yeye. Mimi nilikwambia mgeni. Nilikwambia moja."

Rasto akauliza mgeni huyo ni nani, ametoka wapi. Harriet akasema hajui; mama mkwe wake alimkuta, na mama wa mama mkwe pia. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Njiani pikipiki ilikuwa nzito nyuma. Buteba alisimama akidhani tairi limetoboka, akalibonyeza kwa kidole, likawa limejaa upepo. Hapo akautupa mkoba wake mtaroni, tochi na selotepu na kila kitu. Alipofika nyumbani alivua nguo nyuma ya nyumba na safari hii hakuzichemsha. Alizichoma. Akajifunga shuka, akasimama uani, akaogopa kuingia. Alifikiria kulala kwa jirani. Alifikiria kurudi Tororo akaombe asamehewe, japo hakujua amwombe nani. Jua lilikuwa bado juu na Maloba alisikika ndani akilalamika kwa njaa.

Nanjala akatokea mlangoni, mtoto begani, akamwona mumewe kasimama na shuka, akacheka.

"Baba Maloba, mbona umesimama nje kama mgeni? Karibu basi, mgeni. Ingia ndani."

"Nyamaza!" Rasto akapiga kelele.

Lakini mkewe alikuwa ameshasema. Pazia la mlango likainuka, na siku ile hapakuwa na upepo.

Hakumweleza mkewe. Angeanzia wapi, na mwanamke amezika wawili? Alikesha siku tatu akiitazama dari ya chumba chao. Dari ilikuwa ya mbao nyembamba zilizopakwa chokaa. Haikuwa na kitu. Ijumaa alfajiri usingizi ukamshinda.

Alipoamka kulikuwa kumekucha vizuri, Nanjala yuko jikoni, na Maloba ametulia kitandani kwake. Ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, kunguni mmoja alikuwa akitembea. Mkubwa, mwekundu, ameshiba. Alikuwa anapanda.

Rasto hakuangalia anakokwenda. Alimnyakua mwanawe, akambeba mpaka dirishani, akamvua shati. Akachunguza shingo, kwapa, mapaja, nyuma ya masikio, vidole kimoja kimoja. Mtu huyu aliyeishi kwa kuchukia alama za kunguni alikuwa sasa anaiomba moja. Moja tu, Mungu wangu. Anyonywe mtoto wangu kama watoto wote.

"Nanjala! Umeumwa na kitu usiku?"

"Sijaumwa na chochote. Kwani nini?"

Akajitazama yeye mwenyewe, mikono, miguu, kifua. Ngozi yake ilikuwa safi, na ya mtoto ilikuwa safi; kunguni yule alikuwa ameshiba kwa mwingine.

Ndipo akainua macho. Vidoa vilikuwa vimeanza, bado vichache, lakini yeye alikuwa na uzoefu wa kuvisoma. Kichwa. Bega. Mgongo uliopinda. Magoti tu ndiyo hayakukunjwa mpaka kifuani kama kule Tororo. Yalikuwa yamesogea, yakaacha nafasi, na ndani ya nafasi ile vidoa vilizunguka sehemu nyingine nyeupe. Haikuzidi urefu wa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Maloba akapiga miayo mikononi mwa baba yake. Rasto akamgeuza taratibu amvalishe shati, na kiganja chake kikatoka kwenye mgongo wa shati kikiwa cheupe. Akakinusa. Ilikuwa chokaa ya darini.